Maji ya Kufulia

Baba alirudi Desemba, ananuka kisiwa.
Si jasho, si chumvi: harufu kali iliyopanda puani
ikatutoa machozi kabla hatujafurahi.
Mama alimvua shati mlangoni,
akalizamisha kwenye karai, akauliza,
"Teófanes, umeniletea ndege wangapi?"

Miezi minane alikuwa akikwangua mwamba
katika bahari ya Peru, peku, kwa sururu na ufagio,
gunia la kilo hamsini mgongoni,
vumbi la rangi ya tumbaku kooni.
Juu yake minandi, maelfu kwa maelfu, wakizozana kama soko.
Mnandi hula dagaa; dagaa hula vimelea vya maji
visivyoonekana kwa jicho; navyo hula
kile kinachopanda na ubaridi kutoka kilindini.
Mwisho wa karamu yote hiyo ni doa jeupe
kwenye kofia ya baba yangu.
Tulilicheka. Ndilo lililotulipia ada.

Maji ya kufulia Mama hakuyamwaga njiani.
Aliyabeba hadi tuta la vitunguu, nyuma ya jiko.
Machi, jirani yetu Zósimo alikuja na rula ya mwanawe,
akapima kitunguu kimoja, akapima kingine,
akaondoka bila kuaga.

Sasa nafundisha kemia, mji wa bondeni.
Nachora ubaoni N mbili
zimeshikana mikono mara tatu, hazitaki kuachana.
"Zimejaa humu darasani," nawaambia.
"Mnazivuta, mnazitoa, wala hazijawasalimu."
Yovana, wa dawati la nyuma:
"Kwa hiyo, mwalimu, tunakufa njaa ndani ya ghala?"
Sikuwa na jibu lililozidi swali lake.

Radi huivunja mikono ile kwa pupa,
juu ya theluji ya milima yetu,
na mvua huteremsha makombo.
Tarwi ya Mama haina pupa.
Ni ndugu wa maharagwe, maua ya zambarau,
mbegu chungu ambazo sharti zilale kijitoni siku tano
ndipo ulimi uzikubali.
Mtaka cha mvunguni huinama: ng'oa mzizi,
utaona vinundu, shanga mbovu za mkufu uliokatika.
Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani kuna wekundu, kama nyama.
Humo bakteria wamepanga chumba.
Kodi yao ni hewa iliyofunguliwa pingu;
mmea nao huwalisha sukari.
Mwaka unaofuata, pale pale, viazi.

Na bado tunapoteza. Kona ya chini, maji yanapotuama,
wapo bakteria wengine, wasiohitaji pumzi,
huirudisha angani usiku na mchana,
bila risiti.
Baba aliichukia kona ile. Miaka kumi na mmoja alichimba mtaro.
"Mimi napanda na gunia kutoka baharini," alisema,
"hawa wananiibia kwa kijiko."

Tulimzika Agosti, ardhi kavu kama kaa la jana,
ukingoni mwa shamba, hatua chache juu ya kona hiyo.
Padri alisema mavumbi.
Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikipiga hesabu:
mtu mzima hubeba naitrojeni kilo mbili hivi.
Zilitoka kwa dagaa ambao hakuwahi kuwaonja,
kwa ndege aliowalaani kila alfajiri,
kwa viazi, kwa radi fulani kabla hajazaliwa.
Kilo mbili.
Gunia lilikuwa hamsini.

Mama alifukia konzi ya tarwi kwenye udongo ule mpya
bila kumwomba mtu ruhusa.
Kisha akarudi nyumbani, akalifua shati la mwisho,
lile la hospitalini, lililonuka sabuni tu.
Maji yakabaki karaini, meupe, hayana kitu.
Akayatazama.
Akayabeba hadi kwenye vitunguu.